Nani Akae Juu: Historia ya Matabaka ya Skrini

Mwaka 1973 watafiti wa Xerox PARC, kituo kilichoko Palo Alto, California, walikuwa na kompyuta mpya iliyoitwa Alto. Skrini yake ilisimama wima, nukta 606 kwa upana na 808 kwenda juu. Kila nukta ilishikwa na biti moja ya kumbukumbu, na kwa kuwa mashine nzima ilikuwa na kilobaiti 128 tu, picha ya skrini peke yake ilikula karibu nusu yake. Alan Kay na wenzake walitaka mtumiaji awe na kazi kadhaa mbele yake kwa wakati mmoja: barua huku, mchoro kule, programu anayoiandika pembeni. Skrini haikutosha. Wakaamua kurasa zilaliane, kama karatasi juu ya meza ya mtu mwenye shughuli nyingi.

Uamuzi huo ulizaa swali ambalo halijaisha mpaka leo: vitu viwili vikigombea nukta zilezile, kipi kionekane, na nani mwenye mamlaka ya kubadilisha mpangilio? Mwanzoni lilikuwa swali la uchoraji tu. Baadaye likawa la mamlaka. Nionavyo mimi, historia yake ni ya programu zilizopewa uhuru wa kujipandisha, zikautumia bila kiasi, kisha zikanyang'anywa kidogo kidogo.

Kabla ya 1973: mistari isiyofunikana

Ivan Sutherland alipotengeneza Sketchpad huko MIT mwaka 1963, swali hilo halikuwepo. Alichora kwa mistari ya mwanga, na mistari ikikutana inapitana tu. Hakuna unaouficha mwingine. Ili kitu kifunike kingine lazima kiwe na uso uliojazwa, na kujaza uso kulihitaji kumbukumbu ambayo bei yake ilikuwa haishikiki.

Waliotangulia kulishughulikia jambo hili ni watu wa michoro ya pande tatu. Mwaka 1972 Martin Newell, Richard Newell na Tom Sancha walichapisha njia ambayo mantiki yake hata mchora vibao vya maduka anaijua: panga maumbo kwa umbali, anza na yaliyo mbali, kisha paka ya karibu juu yake. Kinachopakwa mwisho ndicho kinachoonekana. Miaka miwili baadaye Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, alieleza njia nyingine: kila nukta ya skrini ikumbuke umbali wa kitu kilichoichora, na kitu kipya kiingie pale tu kinapokuwa karibu zaidi. Njia ya Catmull ndiyo iliyoshinda kwenye filamu na michezo. Watu wa madirisha walichukua ile ya kwanza. Madirisha ni bapa, hayana umbali wowote wa kupimwa. Yana nafasi kwenye foleni basi. Herufi z ya mhimili wa tatu ilikuja nayo, lakini kina chenyewe hakikuja.

1975 hadi 1984: kutoka kupaka hadi orodha

Kulaliana kwa kurasa kulihitaji kuhamisha vipande vya picha kwa haraka. Novemba 1975, pale pale PARC, Dan Ingalls, Diana Merry, Larry Tesler na Bob Sproull walitengeneza BitBlt, amri moja inayobeba mstatili wa nukta kutoka sehemu moja ya kumbukumbu na kuubandika kwingine. Kwa amri hiyo Smalltalk, mfumo wa programu wa PARC, uliweza kuonyesha madirisha yanayofunikana bila kumchosha mtazamaji. Hata hivyo ulikuwa na mipaka. Dirisha lililofunikwa liliganda. Halikuchorwa chochote hadi mtu alibofye, ndipo lipande juu na kuchorwa upya lote.

Desemba 1979 wahandisi wa Apple walitembelea PARC, na miongoni mwao alikuwa Bill Atkinson. Alirudi akiamini kwamba ameona madirisha yakichorwa huku yamefunikwa nusu. Hakuwa ameona hivyo, kwa sababu Smalltalk haikuweza. Lakini kwa kuwa aliamini wenzake wamekwisha kulitatua, aliendelea kulifikiria mpaka akapata jibu. Alitengeneza muundo wa data alioupa jina la regions: namna ya kueleza umbo lolote, hata lenye kona na mashimo, kwa kuhifadhi tu mahali ambapo mpaka wake unabadilika. Kukiwa na maumbo hayo, mfumo unaweza kutoa dirisha moja ndani ya jingine, ukapata kipande kinachoonekana, na kuizuia programu isichore nje ya kipande hicho. Wakati wa kazi hiyo Atkinson alipata ajali mbaya ya gari, na Steve Jobs alipokwenda kumwona hospitalini, mgonjwa alimtoa wasiwasi kwa kumwambia kwamba bado anazikumbuka regions zake.

Kompyuta ya Apple iliyoitwa Lisa ilitoka Januari 1983 kwa dola 9,995, na Macintosh ikafuata Januari 1984 kwa dola 2,495. Macintosh hiyo nayo ilikuwa na kilobaiti 128, na uhaba huo ndio ulioamua namna ambayo programu zingeandikwa kwa miaka zaidi ya 15. Mfumo haukuwa na mahali pa kuweka nakala ya sehemu zilizofichwa. Kwa hiyo dirisha lilipopandishwa mambo matatu yalifuatana: mfumo ulibadilisha nafasi yake kwenye orodha ya madirisha, ukakokotoa vipande vilivyofunuliwa, kisha ukamwambia mwenye dirisha avichore. Programu iliyochelewa kuitika iliacha doa jeupe, na yeyote aliyetumia kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 analikumbuka doa hilo.

Amri zenyewe zilikuwa chache. BringToFront ililileta dirisha mbele kabisa. SendBehind ililirudisha nyuma ya dirisha ulilolitaja. SelectWindow ilifanya kazi ya BringToFront, na juu yake ikalifanya dirisha hilo kuwa ndilo linalopokea herufi za kibodi. Apple iliwashauri watengeneza programu watumie hii ya mwisho. Kuwa juu na kuwa kazini ni mambo mawili, na programu iliyoyachanganya ilimwacha mtu akiandika kwenye dirisha asiloliona.

Si kila mtu aliona kulaliana ni jambo jema. Xerox yenyewe, ilipotoa mashine yake ya ofisini iliyoitwa Star mwaka 1981, ilipanga madirisha ya nyaraka ubavu kwa ubavu, kwa hoja kwamba watu walikuwa wakipoteza muda kuyapangapanga. Hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko ilivyopewa.

1985 hadi 1995: mpangilio wafika mahakamani

Microsoft ilitoa Windows ya kwanza Novemba 1985. Madirisha yake yaligawana skrini kama vigae sakafuni, isipokuwa visanduku vidogo vya mazungumzo ndivyo vilivyoruhusiwa kukaa juu. Mwezi huohuo Apple na Microsoft zilitia saini makubaliano ya kuruhusu baadhi ya vipengele vya sura ya skrini kutumika. Toleo la pili, la Desemba 1987, liliyaachia madirisha yalaliane. Machi 1988 Apple ilikwenda mahakamani.

Madai yalikuwa juu ya vipengele 189. Jaji aliona 179 vimekwisha kuruhusiwa na makubaliano ya 1985, vikabaki 10, na kulaliana kwa madirisha kulikuwa miongoni mwake. Hivyo wanasheria wakajikuta wakijadili kwa miaka mambo ambayo Atkinson aliyaona ni ya hesabu. Mahakama ilifikia hoja nyepesi: mfumo wenye madirisha mengi unaweza kuyaonyesha kwa njia mbili tu za msingi, kuyapanga ubavu kwa ubavu au kuyalaza moja juu ya jingine, na njia ikiwa moja kati ya mbili haiwezi kuwa mali ya mtu. Rufaa ya Apple ilikataliwa mwaka 1994, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka uliofuata.

Upande wa pili wa Marekani, MIT, kazi ya kimyakimya iliyoanza mwaka 1984 ilikuwa ikijibu lile swali la mamlaka. Bob Scheifler na Jim Gettys walitengeneza X, mfumo wa madirisha ambao toleo lake la 11, la Septemba 1987, lilitawala kompyuta za Unix kwa miongo mitatu. X ina amri ya kupandisha dirisha, XRaiseWindow, na ya kulishusha, XLowerWindow. Ila waandishi wake hawakutaka mfumo wenyewe uamue sura ya skrini. Kazi hiyo waliiachia programu ya pembeni, msimamizi wa madirisha. Programu ikiita XRaiseWindow, ombi linaelekezwa kwanza kwa msimamizi, naye anaweza kulikubali, kulibadilisha au kulipuuza. Kwa mara ya kwanza kupanda juu kukawa ni kuomba ruhusa. Wengi waliona huo ni urasimu. Miaka 20 baadaye karibu kila mfumo ulikuwa umeufuata.

Miaka ya 1990: kila programu yataka kuwa ya kwanza

Kwenye Windows uhuru ulikuwa mkubwa zaidi. SetWindowPos iliweka dirisha popote kwenye foleni, na ilikuja na daraja la pekee: dirisha lililotiwa alama ya kuwa juu daima lilibaki juu ya yote ya kawaida, hata mtu akibofya jingine. Saa ndogo ya mezani ilifaa kuwa hivyo. Punde na kila mwenye tangazo la kununua toleo kamili akaona naye anafaa. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft aliyeandika sana kuhusu historia ya Windows, huwajibu wanaotaka dirisha lisilofunikwa na chochote kwa jaribio moja la kufikiri: itakuwaje programu mbili zikifanya hivyo?

Microsoft ilianza kubana kwenye Windows 98 na Windows 2000. Programu isiyotumiwa na mtu kwa wakati huo haikuweza tena kujirusha mbele. Ikijaribu, kitufe chake kwenye upau wa chini hupepesa tu. Kulikuwa na muda wa kusubiri pia, milisekunde 200,000 kwa kawaida, yaani zaidi ya dakika tatu tangu mtu aguse kibodi au kipanya mara ya mwisho.

Ndani ya dirisha moja mambo yalikuwa na utata wake. Visual Basic, iliyozaliwa mwaka 1991 na kuwafungulia watu wengi mlango wa kuandika programu, ilikuja kuwa na amri ya ZOrder: sifuri ilipeleka kitu mbele, moja ikakirudisha nyuma. Anayeanza alijifunza haraka kwamba amri hiyo haitii kila mara. Fomu ya Visual Basic ilikuwa na matabaka matatu. La chini ni michoro iliyochorwa na msimbo moja kwa moja. La kati ni maandishi ya lebo, mistari na picha nyepesi. La juu ni vitufe, masanduku ya kuandikia na vinginevyo ambavyo kwa Windows kila kimoja ni dirisha kamili. ZOrder ilipanga vitu ndani ya tabaka lao tu. Lebo, hata uipandishe mara mia, haikukifunika kitufe. Nyuma ya usumbufu huo kulikuwa na sababu ya haki: vilivyo madirisha kamili vilipangwa na Windows, na vilivyo rangi tu juu ya fomu vilipangwa na Visual Basic, kwa hiyo mabwana walikuwa wawili na foleni mbili.

1997 hadi 2013: enzi ya namba kubwa

Wavuti ulipoanza, ukurasa ulikuwa maandishi yanayoteremka. Juni 1997 Netscape ilitoa toleo la nne la kivinjari chake likiwa na lebo mpya, layer, na msimbo wa JavaScript uliweza kulipanga tabaka moja juu ya jingine kwa moveAbove au chini yake kwa moveBelow. Microsoft ilishika njia ya mitindo ya CSS. Mei 1998 shirika la W3C lilipitisha CSS2, ambamo mpangilio unatajwa kwa namba iitwayo z-index. Lebo ya Netscape ikafa pamoja na vita vya vivinjari.

Ninaamini hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika, japo lilieleweka kwa wakati wake. Macintosh na X zilikuwa na orodha: kitu kiko mbele au nyuma ya kingine, na nafasi ya juu kabisa ni moja. Namba ni kitu kingine. Namba haina kilele, na anayeiandika hajui wenzake wameandika ngapi. Mwandishi wa menyu akaweka 10. Wa kisanduku cha kuingia akaweka 100. Mwenye tangazo akaweka 9999, na mwenye kidude cha mazungumzo pembeni akaweka 99999. Mnada huo ulikoma tu pale ulipogonga ukuta wa mashine, 2147483647, namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 zenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mpaka leo utaikuta katika misimbo ya tovuti nyingi. Wawili wakifika hapo wote, anayeshinda ni yule aliyetajwa baadaye kwenye ukurasa, yaani tumerudi kwa mpaka rangi wa mwaka 1972.

CSS2 ilikuwa na kinga ambayo wengi hawakuisoma. Namba hazishindani ukurasa mzima. Zinashindana ndani ya kundi lao. Kipengele kilichopewa nafasi na namba hufungua kundi jipya, na watoto wake wote hubaki humo. Mtoto mwenye 9999 ndani ya kundi lenye 1 hatampita jirani mwenye 2. Baadaye orodha ya vinavyofungua kundi ilirefuka: kufifisha kitu kidogo, kukizungusha, kukitia ukungu. Ndiyo maana mtu anakififisha kidogo kichwa cha ukurasa na menyu inazama chini ya picha, kisha anamaliza adhuhuri akiongeza tisa mwishoni mwa namba isiyo na kosa lolote.

Na wale mabwana wawili wa Visual Basic walihamia kwenye wavuti pia. Katika Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft, kisanduku cha kuchagulia kilikuwa kinachorwa na Windows, kwa hiyo kilitokeza juu ya kila menyu, hata iwe na namba gani. Watu walibuni hila ya kuingiza fremu tupu katikati ili kukifunika. Hila hiyo iliishi mpaka toleo la 7 la Oktoba 2006. Filamu za Flash nazo zilitokeza vilevile mpaka mtu abadilishe namna zinavyochorwa.

Ndani ya Flash kwenyewe walikuwa wamepitia funzo hilo na kutoka. Toleo la zamani lilikipa kila kitu kina kwa namba na kuviacha vibadilishane kwa swapDepths. ActionScript 3, lugha ya Flash ya 2006, ilizifuta namba hizo ikaweka orodha isiyo na mapengo: ukitaka kitu kipande, kibadilishie nafasi kwa setChildIndex. Wavuti haukuiga. Ulichofanya ni kupatana: Bootstrap 3, maktaba ya mitindo ya tovuti ya mwaka 2013, ilitangaza jedwali lake, menyu 1000, upau uliogandishwa 1030, kisanduku kikuu 1050, na maelfu ya tovuti zikalifuata kana kwamba ni sheria.

2001 na kuendelea: kila dirisha na picha yake

Kumbukumbu iliposhuka bei, doa jeupe la Macintosh lilikufa. Mac OS X, iliyotoka Machi 2001, ililipa kila dirisha picha yake kamili kumbukumbuni, na mfumo ukawa unaziunganisha wenyewe kabla ya kuonyesha. Windows Vista ikafanya vivyo hivyo. Kubadilisha mpangilio hakukuhitaji tena kumwamsha mwenye dirisha achore. Simu zikarithi utaratibu huo: iPhone ina bringSubviewToFront, Android ina bringToFront, na zote zinabadilisha tu nafasi ya kitu kwenye orodha ya mzazi wake.

Kisha mwaka 2014 Android 5 ikaleta mwinuko, namba inayokipa kitu kivuli na kukipandisha kwa pamoja. Wengi waliita bringToFront kisha wakakuta kitufe bado kiko juu, kwa sababu kitufe cha Android 5 kimezaliwa na mwinuko wake.

2008 na kuendelea: tabaka kama silaha

Mwaka 2008 Robert Hansen na Jeremiah Grossman walionyesha kwamba ukurasa mwovu unaweza kuiweka tovuti nyingine juu yake, ikiwa imefifishwa mpaka haionekani. Mtu anadhani anabofya zawadi. Kumbe kidole chake kinatua kwenye kitufe cha tovuti isiyoonekana. Toleo la 8 la Internet Explorer, la Machi 2009, lilizipa tovuti njia ya kukataa kuwekwa ndani ya ukurasa wa wengine, na vivinjari vingine vikaifuata.

Kwenye simu hatari ilikuwa kubwa zaidi. Android iliruhusu programu ichore juu ya programu nyingine, jambo zuri kwa viputo vya ujumbe. Wezi walilitumia kutandaza ukurasa bandia wa kuingilia juu ya programu ya benki na kuchukua namba ya siri. Afrika Mashariki, ambako simu nyingi ni za Android na pesa hupita mkononi, jambo hili haliko mbali. Google ilibana hatua kwa hatua: Android 6 ilimtaka mtumiaji aende mwenyewe kwenye mipangilio kutoa ruhusa hiyo, Android 8, ya 2017, ikayaweka matabaka hayo chini ya vitu muhimu vya mfumo, na Android 12, ya 2021, ikaipa programu nyeti uwezo wa kuyaficha yote wakati iko wazi.

Wavuti nao ukajirekebisha kwa namna ambayo Atkinson angeitambua. Machi 2022 vivinjari vikuu vyote vilikuwa vimekubaliana juu ya kisanduku kinachofunguliwa kwa showModal, na 2023 hadi 2024 vikaongeza utaratibu kama huo kwa menyu na vidokezo. Vitu hivyo huingia kwenye tabaka la juu ambalo kivinjari chenyewe ndicho kinacholimiliki. Huko z-index haina kauli, hata iwe 2147483647. Kuna orodha, na aliyeingia mwisho yuko juu. Anayetaka kupanda tena hana budi kutoka na kuingia upya.

Walioenda mbali kuliko wote ni wa Wayland, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 kuchukua nafasi ya X kwenye Linux. Humo programu haina amri ya kupandisha dirisha lake. Haijui dirisha lake liko wapi kwenye skrini wala nani kalifunika. Ikitaka kuletwa mbele, lazima iwe na tokeni iliyotolewa kwa programu ambayo mtumiaji ametoka kuibofya, iiwasilishe kwa mfumo, na isubiri. Mfumo ukikataa, hauwajibiki kueleza sababu.